Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mtaa wa Kapeli,
Jumatano, 12 Februari.

Kaka yangu mpenzi Gethin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, na nyingine nyingi zaidi umpe wifi yangu Delyth. Natumaini jicho lake lililofanyiwa upasuaji limeanza kuona vizuri, ila lisione vizuri mno, maana ataliona vumbi lote ambalo wewe umekuwa ukimwambia halipo. Na mgongo wako je? Bado unainuka kitini kwa awamu? Mimi mwilini sijambo. Goti langu linanitabiria mvua, na mwaka huu halijakosea hata siku moja. Kapeli yetu sasa hufunguliwa Jumapili moja tu kwa mwezi, nasi tunakuwa kumi na mmoja pamoja na mpiga kinanda, ambaye amekuwa kiziwi lakini hakuna mwenye moyo wa kumwambia.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, nami hurudi nyuma nikaishia kusema habari za hali ya hewa. Haya ninayotaka kukuambia hayawezi kukatizwa. Basi nakuomba ukae, zima hiyo raga, uisome mwenyewe mpaka mwisho.

Barua yako kwa shirika letu imefika. Pale ofisini tuko wawili tu, mimi na Menna bosi wangu, na mimi ndiye ninayefungua barua. Kwa hiyo mimi ndiye niliyetangulia kuziona picha za ukuta wa chumba cha nyuma, ulivyojaa kuvu nyeusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua. Nilisoma maneno yako kwamba mpangaji ameiharibu nyumba ya marehemu mama yetu kwa uchafu wake, na kwamba unataka shirika lililomdhamini lilipe, naye aondoke mwisho wa mwezi huu. Niliirudia barua hiyo mara tatu. Kisha nikaipeleka mezani kwa Menna nimekaza uso wa kikazi, kana kwamba mwandishi simjui.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Mama alipofariki nyumba ilikaa tupu mwaka mzima, na mimi ndiye niliyekuganda uipangishe kupitia kwetu. Nilikueleza kwamba watu tunaowahudumia wana kazi, na kodi ya kila mwezi wanaiweza, ila ile amana ya mkupuo ambayo mwenye nyumba huidai kabla hajatoa ufunguo hawana pa kuitoa. Ndiyo maana sisi humpa mwenye nyumba hati ya dhamana badala ya fedha, kwamba mpangaji akiharibu kitu, tutalipa sisi. Ukasema, "Karatasi? Mtu akinivunjia dirisha, nitaliziba kwa hiyo karatasi yako?" Delyth alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nikakujibu kwamba katika miaka tisa ya kazi hii nimeona hati zikidaiwa mara chache sana, kwa sababu wapangaji hao huzitunza nyumba kuliko sisi tuliozirithi. Hilo bado naliamini, na sasa nina sababu zaidi ya kuliamini.

Ndipo nikakuletea Siwan. Wewe umeonana naye mara mbili tu, acha nikuambie yeye ni nani. Anafua mashuka katika nyumba ya wazee kule juu kilimani, kazi ya kusimama tangu asubuhi. Kwa miaka miwili yeye na bintiye Cadi, mwenye miaka mitano, walikuwa wakilala kwenye kochi la shangazi yake, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Nilipompigia simu kumwambia kwamba kamati imekubali kumdhamini na nyumba imepatikana, aliniuliza, "Mama, una uhakika hamjakosea jina?"

Siku ya makabidhiano unaikumbuka. Katika kazi yetu hakuna siku kubwa kuliko hiyo. Mwenye nyumba, mpangaji na mtu wa shirika hupita chumba kwa chumba, na kila alama huandikwa, iwe mkwaruzo wa mlango au zulia lililoungua kwa pasi, kisha wote watatu hutia sahihi chini ya kila ukurasa. Siku mpangaji anapoondoka, orodha hiyo ndiyo hakimu. Wewe ulikuwa na haraka, ukisema ukungu utakukuta kwenye barabara ya mlimani. Siwan hakuwa na haraka hata kidogo. Alitaka hata matundu ya misumari ambayo Mama alitundikia sahani zake ukutani yaandikwe, akayahesabu mwenyewe kwa kidole. Ulinikonyeza ukaninong'oneza kwamba binti huyo angefaa kuwa mkaguzi wa serikali. Tulipofika chumba cha nyuma uliupiga ukuta ngumi ukasema, "Huu ni ukuta wa mzee, hautikisiki." Nami nikaandika: mkavu, mweupe, hauna doa. Siwan akasema chumba hicho kitakuwa cha Cadi kwa sababu kina harufu ya rangi mpya.

Jambo moja hukulijua. Kwa kanuni zetu, mimi sikuruhusiwa kuandika orodha ya nyumba ya ndugu yangu. Ilikuwa kazi ya Menna, lakini alikuwa amelazwa kwa ajili ya nyonga, na mwenyewe unajua Siwan alivyokuwa akisubiri. Nilijiambia kwamba kanuni kama zile ziliwekwa kwa ajili ya watu wasioaminika.

Oktoba Siwan alikuja ofisini, kaiweka mikono mfukoni kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alisema kuna madoa yameanza nyuma ya kitanda cha mtoto. Nikampa kile kijitabu chetu tunachowapa wote. Kinasema fungua madirisha, usianike nguo ndani, funika sufuria unapopika, futa ukuta kwa kitambaa. Alikichukua kwa mikono miwili. Wiki tatu baadaye alirudi akasema amefanya yote na madoa yamekuwa makubwa. Nikamwambia aongeze bidii. Ndiyo, Gethin, mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti ile ya upole ambayo watu wa ofisini tunaitumia tukitaka mtu aondoke.

Krismasi ulipokuja tulikwenda wote kumsalimia. Nilikuwa nimebeba mkate wa zabibu. Ulipanda ghorofani, ukashuka umekunja ndita, ukatoa simu ukapanda tena kupiga picha. Kisha ukasema pale jikoni, mtoto akisikia, kwamba watu wengine hata uwape ikulu wataigeuza zizi. Siwan alisema, "Samahani, bwana," akaendelea kukata mkate nilioleta. Alikata vipande sawasawa kabisa. Mimi nilisifu mapazia yake.

Alhamisi iliyopita kamati ilikaa. Menna alisoma orodha kwa sauti, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, mkavu, mweupe, hauna doa, nilisimama nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kamati haina ujanja. Karatasi inasema ukuta ulikuwa safi, picha zinasema sasa ni mweusi, na katikati aliyeishi mle ni mtu mmoja. Dhamana ikishalipwa, jina la mpangaji hufutwa kwetu na hatuwezi kumdhamini tena. Hapa mjini wenye nyumba wote wanajuana, hakuna atakayempa ufunguo mtu aliyekataliwa na wadhamini wake. Na lile kochi la shangazi sasa lina mtu mwingine. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyesema asihukumiwe bila kusikilizwa, basi wakaahirisha hadi kesho ili Siwan aje kujieleza. Menna akatuzungushia macho, akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa natia maziwa vikombeni.

Ilikuwa kazi yangu kumpelekea wito. Nilikwenda Ijumaa alipotoka kazini. Kaka, nyumba ilikuwa baridi kuliko nje. Madirisha yote yalikuwa wazi, ghorofani na chini, na wewe unajua Februari ya huku. Cadi alikuwa kitandani amevaa koti na kofia, anakohoa kikohozi kile kinachotoka chini kabisa ya kifua. Siwan alinieleza kwamba tangu Krismasi hajaanika hata soksi moja ndani. Nguo hupeleka kwa jirani. Chakula anapika kile kisichotoa mvuke, na mtoto anamwogesha kwa kitambaa ili maji moto yasipandishe unyevu. Madirisha hayafungi usiku wala mchana, kama kijitabu kilivyosema. Alikuwa ameandika atakayoyasema mbele ya kamati, akaniomba niyasome nimrekebishie lugha. Karatasi nzima ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba hajui ni kosa gani alilofanya, lakini lazima amelifanya, na anaomba msamaha kwa mwenye nyumba na kwa watu waliomwamini.

Niliisoma nikamwambia lugha ni nzuri. Kisha nikarudi nyumbani nikakaa na koti langu bila kuwasha taa.

Sasa nimefika ninapopaogopa. Ukuta ule haujawahi kuwa mkavu, Gethin. Kilima kinauegemea kwa nyuma mpaka usawa wa ghorofa, udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya chumba kile, na maji hupita kwenye mawe kila mwaka mvua zikianza. Wewe na Baba hamkujua kwa sababu Mama hakutaka mjue. Nyinyi mlilala mbele, chumba kile kilikuwa changu. Kila Oktoba, Jumamosi mliyokwenda uwanjani, Mama alinibakiza nyumbani. Tulilisogeza kabati, tukasugua kwa brashi na jiki mpaka macho yakatuwasha, akapaka rangi, kisha tukalirudisha kabati mahali pake. Mliporudi mkauliza harufu, alisema amefanya usafi, nanyi mkauliza chakula. Aliniapisha nisiseme. Aliniambia kwamba katika mtaa huu mwanamke ambaye ukuta wake umeota kuvu huitwa mchafu, na wanaomwita hivyo hawaulizi maji yametoka wapi. Kile kikohozi changu cha utotoni, ambacho kwa ajili yake uliniita mbuzi mzee mpaka nikaolewa, kilitoka kwenye ukuta huo.

Siku mbili kabla ya makabidhiano nilikwenda pale peke yangu na ufunguo wangu. Nilitaka tu kufagia. Nikalisogeza kabati, na ukuta ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Naapa kwako sikuwaza kumdanganya mtu. Sikumwaza Siwan, wala dhamana, wala wewe. Nilichowaza ni kwamba Jumatatu mgeni atasimama pale, na mimi mwenyewe nitalazimika kuandika neno kuvu chini ya anwani ya Mama, na karatasi hiyo itakaa katika faili la ofisi miaka yote. Sikuweza. Nikavua koti, nikasugua, nikapaka rangi mara mbili. Nilifanya kazi ile huku naimba, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo ulipoupiga ukuta ule ngumi ulikuwa unapiga rangi yangu ya juzi. Wewe hukusema uongo katika barua yako, uliandika ulichokiona. Siwan naye hakuharibu kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha maradhi ya ukuta, lakini aliyeumbuka ni mtoto wa watu, na bintiye ndiye anayekohoa. Tangu Oktoba nimekuwa na mdomo na sikuutumia. Nilikuwa na hofu ya kazi yangu, hilo ni kweli, lakini hofu kubwa zaidi, na naona aibu kuiandika, ilikuwa ni wewe kujua kwamba Mama alikuwa na kuvu.

Leo asubuhi nilimweleza Menna kila kitu. Unamfahamu, hana maneno mengi. Aliniuliza, "Umekuja kusema leo kwa sababu unamwonea huruma, au kwa sababu kesho atasimama mbele yetu na wewe huwezi kumtazama?" Nilimjibu kwamba sijui. Akasema angalau hilo ni jibu la kweli, akanionyesha mezani pa kuweka funguo za ofisi. Hakunifokea. Aliniambia niyaandike yote na kutia sahihi, nami nimeyaandika, na kesho yatasomwa badala ya ile mistari minne. Orodha itatupwa, na dai lako litatupwa pamoja nayo. Unga wangu umemwagika, na sikuombi uniokotee hata punje.

Ninalokuomba ni jingine. Kamati inaweza kulisafisha jina la Siwan, lakini notisi uliyompa ni yako, hakuna anayeweza kuifuta ila wewe. Ifute, Gethin, tena ifute kabla hujamaliza hasira, kwa sababu hasira zako nazijua, huchukua wiki mbili na mwisho wa mwezi hauko mbali. Kisha mtafute fundi achimbe nyuma ya nyumba auondoe ule udongo. Usilete mtu wa rangi. Ukitaka wa kumkasirikia, mlango wangu ni uleule. Kwa Mama usikasirike. Alikuwa na ndoo na brashi tu, na mtaa mzima ulikuwa ukimtazama.

Nilipotoka kwa Menna nilikwenda moja kwa moja kwa Siwan. Ilikuwa zamu yake ya kupumzika, nikamkuta amevaa koti jikoni, Cadi amejikunja mapajani mwake. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kuketi. Nilimweleza habari za kilima, na jiki, na rangi, na kile kijitabu nilichompa huku nikijua. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, kaka, kwa matusi ya aina yoyote, na mengine nilikuwa nimemtungia mwenyewe njiani. Alinitazama kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Kisha akauliza, pole pole, kama anayeomba ruhusa, "Kwa hiyo naweza kufunga dirisha?"

Nikamwambia ndiyo. Akambeba mtoto, akapanda ngazi, nikayasikia madirisha ya juu yakifungwa moja baada ya jingine. Akashuka akafunga la jikoni. Halafu akafungua mlango wa mbele, akaushikilia mpaka nikatoka, na huo nao akaufunga.

Msalimie sana wifi yangu, na umweleze mwenyewe, asiyasikie haya kutoka kwa watu. Sitarajii majibu ya haraka, na yakija makali nitayapokea. Ila ukiwa na nafasi ya barua moja tu wiki hii, usiniandikie mimi, mwandikie Siwan.

Ni mimi mdogo wako,
Eluned